Vichwa vya Samaki kwa Paka wa Mshonaji

Jumanne, 4 Juni

Nimekasirika. Nimewasha kiyoyozi cha gari, matundu yote manne yakanitemea harufu ya soksi zilizolala kwenye maji. Mke wangu akafungua dirisha, akatoa kichwa nje. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Mama mkwe anatoka hospitali Jumamosi. Kapasuliwa tumbo, na akinusa kitu kibaya anatapika. Kasema atakaa kwa yule atakayekuja kumchukua, hadi apone, hataki wanawe wamgombanie. Mke wangu anamtaka kwetu. Chumba kishapigwa deki, shuka mpya zimetandikwa. Mwanyumba wangu, aliyemwoa mdogo wa mke wangu, keshapiga simu kujitolea, eti kama gari langu litasumbua. Gari lake jeupe. Meno yake meupe. Simpendi hata kidogo.

Jumatano, 5 Juni

Nimemwaga manukato ya mke wangu ndani ya matundu. Sasa ni soksi zilizojipamba. Mke kaona chupa tupu. Akachukua kitabu cha gari, ambacho sijawahi kukifungua, akanisomea: nyuma ya kisanduku cha dashibodi kuna kichujio cha hewa, kikilowa kinaota ukungu, kibadilishwe. Nimemwambia naendesha gari tangu yeye hajui kuvuka barabara. Akaniuliza, sasa mbona linanuka. Nikaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimempata mchawi wangu. Ni paka wa mshonaji, jirani yetu wa ukuta mmoja. Nimemfuma amejilaza juu ya boneti, mkia kwenye ule wavu wa chini ya kioo cha mbele, panapoingia hewa. Ndiye anayekojoa humo, nani mwingine. Nimemvaa mshonaji. Kanijibu, pini zimemjaa mdomoni, kwamba paka wake ana adabu kuliko watu fulani, na kama nina ushahidi niulete.

Atauona. Jioni nimeweka kichwa cha samaki juu ya wavu, nikajibanza nyuma ya pazia na simu mkononi, nimpige picha. Nikasinzia. Kuamka, paka hayupo, samaki hayupo. Mwizi kala chambo kaenda zake.

Ijumaa, 7 Juni

Harufu imezidi. Soksi sasa nazikumbuka kwa mapenzi. Mlinzi wa ofisini kainama dirishani akague kitambulisho changu, akarudi nyuma upesi na kunifungulia geti bila kukitazama.

Nikamrudia mshonaji, nikamwambia paka wake kaacha haja ndogo kahamia kubwa. Kanirudishia suruali yangu aliyokuwa akiipunguza, mguu mmoja tayari, mwingine bado. Kasema nikatafute fundi asiyefuga.

Mke kaniomba tena, kwa upole unaotisha, nibadilishe kichujio. Nimemwambia kesho atanishukuru. Nimeosha gari na kuning'iniza vikaratasi vitatu vya manukato ya limau.

Jumamosi, 8 Juni

Sina la kusema, ila nitasema. Mama mkwe kaingia garini, kanishukuru, kasifia limau. Kwa furaha nikawasha kiyoyozi hadi mwisho. Hatujafika geti la hospitali, katapika. Kwenye suruali yangu, ule mguu mrefu.

Mke kampigia mwanyumba. Kumbe alikuwa ameegesha ng'ambo ya barabara, anasubiri. Kambeba mama mkwe kama yai. Mke naye kapanda kwake. Kaniambia kupitia dirishani kwamba anakwenda kumuuguza mama yake na hajui atarudi lini.

Nimerudi peke yangu, madirisha wazi. Nimekaa kwenye kitanda cha zile shuka mpya. Imeniuma sana.

Jumapili, 9 Juni

Mwanyumba kaja kuchukua nguo za mke wangu. Bila kuombwa kafungua kisanduku cha dashibodi, kavuta kichujio. Cheusi, kimeota ukungu, na juu yake kichwa cha samaki, kinanitazama kwa jicho moja. Kasema kilipenya kwenye ufa wa wavu. Kaniuliza ni nani anaweka samaki kwenye gari. Nikamwambia tulikuwa tunajadili ukungu.

Kaweka kichujio kipya, alichopewa na mke wangu. Na salamu: mama mkwe amekumbuka chumba chetu. Kesho asubuhi niende kuwachukua wote wawili, gari likiwa halinuki. Nisiguse chochote.

Nimewasha kiyoyozi. Hewa safi kabisa. Nilikaribia kulia.

Lakini nimefikiri. Samaki hana miguu. Paka yule ndiye aliyemfukia humo, kaweka akiba. Nami nimetukanwa, na suruali yangu ina mguu mmoja mrefu. Haliishi hivi hivi. Nimepanga vichwa vitatu juu ya wavu, vidogo vidogo, asiweze kuvibeba kwa mkupuo. Niko nyuma ya pazia, simu mkononi. Leo sisinzii. Macho yanawasha, nayafumba kidogo tu.