Malalamiko kwa Sosiete Iliyo Ndani ya Kabati Langu

Buyenzi, Ijumaa asubuhi

Kwa Idara ya Malalamiko,
Sosiete Sauti za Imbo,
Chumba cha pili mkono wa kushoto ukitoka jikoni.

Ndugu Idara,

Asalaam alaikum. Mimi ni Adija, mwenye nyumba ambamo mmeweka makao yenu makuu. Sikusoma, kwa hiyo anayeshika kalamu ni jirani yangu Béatrice, aliyekuwa sekretari kwenye biro, yaani ofisi, mpaka pensheni ikamkuta. Mimi nasema, yeye anaandika. Akiona neno kali anakohoa, mi namwambia andika, naye anaandika.

Ningeweza kuja kugonga mlango, si mbali. Lakini jana niligonga, na mjukuu wangu Assia akanijibu akiwa ndani: "Bibi, kama ni mambo ya sosiete, leta kwa maandishi, timu itakujibu." Basi naleta kwa maandishi. Naisubiri timu.

Kwa wale wa timu ambao hawajaelezwa, maana kwenye ukurasa wenu wa intaneti mko wanane na mimi namjua mmoja, nieleze kwanza. Assia anauza sauti yake. Mtu akiwa na dawa au magodoro na anataka yatangazwe redioni, au anataka simu ya biro yake ijibu vizuri, anamtumia maneno, Assia anayasoma, anayarudisha yakiwa matamu. Ni kazi halali na ninajivunia, kwa sababu sauti hiyo ni yangu, ilipita tu kwa mama yake. Matatizo yalianza siku ule ukurasa ulipoacha kusema "mimi Assia" ukaanza kusema "sisi", kama kampuni kubwa. Kuanzia siku hiyo nimevumilia haya yafuatayo.

1. Kabati. Hilo ni kabati langu la harusi. Nguo zangu zimetolewa, zinalala kitandani pamoja nami kama mke mwenza. Ndani yake kuna godoro limesimamishwa, mablanketi yangu yamepigiliwa misumari, na katikati ameketi mjukuu wangu na mikro. Ukurasa unasema: "studio yetu ya kisasa katikati ya jiji". Kwamba kabati ni zuri, sikatai. Hiyo "yetu" ndiyo inayonishinda. Siku ya Idi niliomba kanga yangu mpya, nikaambiwa haiwezi kutoka, inazuia mwangwi. Nikaenda kusali na kanga ya kila siku, ile mpya ikabaki kazini.

2. Idara yenu ya Ufundi. Hiyo imenikataza kutwanga majani ya sombe saa za kazi, na saa za kazi hazijulikani. Tena inazima frigo kwa sababu frigo inanguruma, halafu inasahau kuiwasha. Samaki wangu wa mukeke waliharibika wote. Niliuliza nani alaumiwe, nikajibiwa kwamba Idara ya Ufundi inaomba radhi. Nilikula hiyo radhi na ugali. Adhana ikianza msikitini Assia anasimamisha kazi, na hilo nampongeza, ila asiniambie kwamba ni mapumziko ya timu.

3. Joëlla. Simu ya sosiete ikilia, Assia anakohoa kidogo anakuwa Joëlla wa mapokezi, mwenye sauti nyembamba na Kifaransa cha puani. Joëlla anamwambia mtu, subiri nikuunganishe na mkuu. Anafunika simu kwa kiganja, anatazama dari, kisha anarudi na sauti nene ya mkuu. Sina ubaya na Joëlla. Kusema kweli ana adabu kuliko Assia. Nikipita karibu wakati wa simu, Joëlla ananiambia "tafadhali, mama", lakini Assia ananiambia "Bibi, ssst".

Ila wiki iliyopita alipiga Moubarak, kijana wa duka la vipuri, mtoto wa watu tunaowajua. Alipiga namba ya kwenye ukurasa kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo. Aliuliza kama shangazi zake wanaweza kuja Jumapili kutusalimia. Hapa Buyenzi hata mtoto anajua shangazi wa kijana wakija na sukari wanakuja kusema nini. Joëlla akamjibu: "Ombi lako limepokelewa, litashughulikiwa na idara husika." Moubarak bado anasubiri idara husika. Ndugu zangu, idara husika ni mimi. Kwa nini sikuletewa faili?

4. Sababu mnazotoa. Sitaki mseme nimehukumu bila kusikiliza. Nilimuuliza Assia, we mutoto, kwa nini usijiuze kwa jina lako? Akaniambia: "Bibi, nikisema ni mimi Assia, wananiambia, kumbe ni wewe, si ni kusema tu, nisemee bure. Wanaume wanapiga kuuliza kama nimeolewa. Nikisema sisi, wananiita Madame, wanauliza mkataba." Nimelisikia hilo, na hao wanaume ningependa kupewa namba zao.

Lakini mimi nimeuza mukeke sokoni mpaka magoti yakakataa, na sikusema "sisi" hata siku moja. Samaki akiwa mzuri, ni wa Adija. Akiwa na harufu, ni wa Adija, na mtu mwenye hasira alijua aje amwangalie nani usoni. Sosiete haina uso, ndiyo maana anayetaka kuisifu anakosa pa kuelekea. Juzi redio ilitoa tangazo la magodoro kwa sauti ya Assia. Niliita lupango mzima, nyumba zote za ua wetu, waje kusikiliza. Hata Abdu, fundi wa magari wa ng'ambo ya barabara, aliweka spana chini akaja. Tangazo likaisha kwa kusema "Sauti za Imbo". Abdu akaniambia, "Bibi, hawa watu wanasema vizuri, ni wa wapi?" Nikamwambia ni Assia wetu. Akacheka. "Apana Bibi, huyu ni mutu wa sosiete." Abdu huyu ndiye aliyetupeleka hospitali na gari la mteja siku Assia alipozaliwa. Akarudi kwenye spana yake akiendelea kucheka. Béatrice hapa amekohoa, lakini mimi sijatukana mtu, nimesema tu iliniuma.

5. Viti. Bwana Hugues wa Kiriri, mwenye yale magodoro, ndiye kliyanti wenu mkubwa. Alifiwa na baba yake. Mnajua desturi yetu: mtu akifiwa, biro zinazofanya naye kazi zinakuja pamoja, zinakaa safu moja chini ya hema, zinapewa fanta, na mmoja wao anasimama kusema neno kwa niaba ya wote. Watu wa Bwana Hugues waliangalia ukurasa wenu, wakaona wanane, wakapanga viti vinane na karatasi yenye jina lenu. Assia akaenda peke yake.

Alikaa kiti kimoja. Vingine vilibaki vitupu, kila kimoja na fanta yake imeshafunguliwa, na wazee wa watu wamesimama nyuma kwa sababu viti ni vya timu. Aliulizwa wenzake wako wapi, akasema wako njiani. Alipoitwa kusema neno, alisimama kwenye ile safu akasema, "Sisi sote tumehuzunika." Watu wakageuka kuangalia sisi sote. Haya yote alinisimulia mwenyewe aliporudi. Hakula. Aliingia kabatini bila kuwasha mikro, akajifungia, na nilimsikia akilia kwa ile sauti yake ya utotoni ambayo haijawahi kuuzwa kwa mtu.

Hapo ndipo nilipokasirikia sosiete yenu, ndugu zangu. Kama angesema, "Mimi ni Assia, niko peke yangu, nimekuja kulia na wewe," angepewa kiti kimoja na kingemtosha. Na nyinyi saba, mtoto wetu amedhalilika kwa ajili yenu, na hakuna aliyekuja hata kumpa maji.

6. Kesho. Bwana Hugues ametuma habari kwamba Jumamosi anakuja hapa kuwashukuru wote wanane kwa kumfariji. Anakuja na mkataba wa matangazo yake yote ya mwaka, lakini kwanza anataka kuwaona kwa macho, kwa sababu kuna watu wamemnong'oneza kwamba Sauti za Imbo ni msichana mmoja. Amesema hawezi kumwachia msichana mmoja biashara yake: akipata mafua, magodoro yanyamaze? Assia anautaka mkataba huu kuliko chakula. Akiupata, ataacha kusemea watu matangazo kwa ahadi ya kulipwa, atapanga chumba cha kazi, na mimi nitarudishiwa kabati. Akiukosa, amesema atarudi kuuza vocha pale kwenye kona, na sauti ile itaishia kusema "vocha, vocha".

Kwa hiyo juzi, tukiwa tunakula, aliniomba nimtafutie watu saba wakae sebuleni wakiwa na karatasi mkononi, na mimi niwe mkuu wao. Nilikataa pale pale, na jana nilipogonga mlango nilikuwa nimekuja kurudia kukataa. Kwanza, sisemi uongo. Pili, nikipewa karatasi nitaishika miguu juu kichwa chini, na Bwana Hugues ana macho. Tatu, leo mtataka watu saba wa kukaa, kesho mtataka wa kucheka, keshokutwa sosiete itaoa, itazaa, itakuja kuniomba nilee watoto wake, na mimi kwa moyo wangu huu nitawalea.

Kwa hayo yote ninaomba sosiete ivunjwe. Ukurasa uandikwe: Assia, mjukuu wa Adija, Buyenzi, yuko peke yake na anatosha. Bwana Hugues aambiwe ukweli kesho, na akiondoka aondoke, Mungu ana kliyanti wengi. Joëlla asifukuzwe ghafla, apewe muda wa kuaga. Moubarak ajibiwe leo. Na anayempigia simu Assia kumuuliza kama ameolewa aunganishwe nami, bila Joëlla kutazama dari.

Naishia hapa, nikiwaombea afya nyote wanane, na yule mmoja namwombea mara nane. Nisalimieni Idara ya Ufundi, ingawa imeninyima sombe na mimi bado naidai samaki. Nisalimieni mhasibu wenu wa kwenye ukurasa, Joëlla wa mapokezi, na huyo mkuu mwenye sauti nene, mumwambie anywe maji ya tangawizi, koo analolitumia ni la mtu. Assia mwambieni maharage yake yako chini ya sahani na asiyale yakiwa baridi. Béatrice anawasalimu pia. Anasema uandishi huu ni wa kirafiki na hataki jina lake liingie kwenye ugomvi, kwa hiyo liko juu tu, mwanzoni, na hapa, na pengine katikati.

Ni mimi, bibi yenu mnayempenda mkiwa na njaa,
Adija
(kidole gumba hapo chini)

Nyongeza. Béatrice alikuwa barazani ananisomea barua hii mara ya mwisho, na Assia ametoka kununua mega za intaneti, gari likasimama. Bwana Hugues, siku moja kabla, na kreti za fanta nyuma ya gari. Alituamkia vizuri. Akaangalia mlango wetu, akaangalia kuku, akaangalia kupitia dirisha lile kabati lililo wazi na mablanketi yangu. Akasema, kwa upole lakini akasema: "Bibi, kumbe ni kweli. Ni kasichana kamoja tu."

Ningevumilia mengine yote. Lile "tu" lilinishinda.

Nilimwambia avue viatu aketi, anaongea na mkuu. Nikamtambulisha kwa Béatrice, sekretari wetu, na kwa kuwa alikuwa na kalamu mkononi na barua ya biro magotini, sikumsingizia. Béatrice alikohoa, kisha akamwaga Kifaransa ambacho hajakitumia tangu pensheni. Nikapaza sauti kidogo kuelekea ng'ambo, Abdu akavuka na grisi hadi viwikoni. Huyo ni ufundi, nikamwambia Bwana Hugues, ndiyo maana ana grisi. Moubarak alikuwa amemletea Abdu plagi, akaja nyuma yake. Nikamweka idara husika na kumwambia palepale kwamba shangazi waje Jumapili. Majirani waliofuata harufu ya kreti niliwapa vyeo kadiri walivyokuwa wakiketi. Tulipohesabiwa pamoja na Assia tulikuwa tisa, kwa hiyo mmoja tulisema yuko kwenye majaribio.

Kuhusu mafua, nilimjibu kwamba Assia akiugua nitasema mimi. Akataka kunisikia. Nikamtangazia magodoro yake kama nilivyokuwa nikitangaza mukeke, na akina mama wawili waliokuwa wakipita barabarani wakasimama kuuliza yanauzwa wapi. Akatoa mkataba. Béatrice aliusoma wote kwa sauti, mimi nikaweka kidole. Assia aliporudi alitukuta tumekaa safu moja, kila mtu na fanta yake, tukimbakizia kiti. Aliketi katikati yetu na mega zake mkononi.

Sikudanganya popote. Bwana Hugues aliuliza timu iko wapi, na timu ilikuwa imekaa mbele yake. Sasa sosiete isivunjwe, na kwenye ukurasa paongezwe mmoja.

Kuhusu barua hii: kwa kuwa imeandikwa kwa sosiete, imenifikia mimi kama mkuu. Nimesomewa yote. Naona mlalamikaji ana uchungu na anampenda sana mjukuu wake, lakini ombi lake limekataliwa.