Kijito cha Shimo la Saba

Jumatatu, 3 Juni
Nimeingia kamati ya kukarabati kijito cha uwanja wa gofu! Hakuna mwingine aliyetaka. Kingo zimeliwa na maji hadi mizizi ya miti inaning'inia, na mvua ikinyesha nusu ya uwanja inakuwa bwawa. Wenzangu wanahuzunikia udongo. Mimi nahuzunikia mipira yangu: kila nikicheza shimo la saba, inaishia humo. Shemeji, kaka wa mke wangu, kaniita Kambare mbele ya wanachama. Wamecheka hadi wahudumu. Haya. Kijito kitahama.

Jumanne, 4 Juni
Mhandisi kaeleza mpango wake: kingo zilazwe, zishikwe kwa mawe na matete, maji yapate kona za kupunguzia mbio. Nikashauri, kwa faida ya wote, kona moja kubwa ipite mbali na shimo la saba. Akanijibu kwamba maji hufuata mkondo, hayafuati kamati. Mwanamke mgumu! Shemeji akauliza kama Kambare anaomba kuhamishiwa ziwani.

Jumatano, 5 Juni
Mhandisi kachomeka vigingi vyenye utepe mwekundu panapotakiwa kuchimbwa. Vigingi vyenyewe vyepesi! Walipokwenda kula, nikavisogeza hadi kwenye bonde la jirani. Utepe mmoja ulichomoka, nikautia mfukoni. Nilijifanya natafuta mpira. Hakuna aliyeshangaa.

Alhamisi, 6 Juni
Mhandisi hayupo. Dereva wa katapila kakuna kichwa, kisha kachimba penye vigingi vyangu. Mke wangu kauliza mbona napiga mluzi. Nikamwambia napenda mazingira.

Ijumaa, 7 Juni
Mvua. Mvua gani! Mfereji wangu umepeleka maji bondeni kwa utii, na bonde likayapeleka maegeshoni. Gari lililozama ni moja tu. Langu. Kwenye kiti cha dereva nimekuta chura, kanitazama kama mimi ndiye niliyekosea mlango. Mhandisi kaja na kigingi mkononi, anauliza nani. Nikatazama mawingu. Mke wangu, aliyekuja kusaidia kulivuta gari, akasema: “Baba, si utepe kama ule niliokuta mfukoni mwako nikifua?” Maji yakazidi unga.

Jumamosi, 8 Juni
Adhabu ya kamati: kubeba mawe na kupanda matete pale alipotaka mhandisi, tope hadi magotini. Shemeji alikuja kunicheka. Alicheka vya kutosha, kisha akavua viatu, akaingia, akashika upande wa pili wa jiwe. Tukalibeba hadi ukingoni. Nilikaribia kumpenda.

Jumapili, 16 Juni
Mvua kubwa jana, na leo uwanja mkavu! Kijito kinapita taratibu katikati ya matete, maji meupe, ndege wameanza kuja. Nilijivuna kana kwamba nilikichora mimi. Tukacheza. Mpira wa shemeji ukavuka. Wangu ukaingia majini, plubwi. Nimesimama pale nikatafakari sana, nikaelewa kosa langu. Nilikuwa nalaumu kijito bure. Tatizo ni kile kilima kilicho mbele yake. Kesho namwalika dereva wa katapila chai.