Mwalimu Aliyefundisha Mpaka Watu Wakajua

Ofisi ya Mratibu,
Programu ya Kisomo kwa Watu Wazima,
Ghorofa ya pili, mlango unaokwama.

Ndugu Mkurugenzi (na Mjomba, baada ya saa za kazi),

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MWALIMU WA KISOMO

Kichwa cha barua hapo juu chahusika.

Natumaini u mzima, presha imeshuka, na mkaza mjomba amepona mguu. Kwa upande wangu mwili ni mzima ila moyo umevimba, na nimeona nisiumie peke yangu ilhali nina mkubwa wa kazi ambaye pia ni ndugu wa damu.

Utakumbuka kwamba uliponikabidhi ofisi hii ulinishika bega ukaniambia, "Mpwa wangu, programu ni kama mtoto mchanga. Ilee." Nimeilea. Niliikuta ina mratibu mmoja tu na walimu wengi waliojaa vumbi la chaki hadi kwenye kope. Leo ina Mratibu, ambaye ni mimi. Mratibu Msaidizi, anayeratibu nikiwa safarini. Mratibu wa Vikao vya Waratibu. Ofisa Ufuatiliaji, anayefuatilia. Na Ofisa Tathmini, anayetathmini kama ufuatiliaji ulifuatiliwa ipasavyo. Mwalimu amebaki mmoja. Hiyo ndiyo maana ya kukua. Na ni huyo huyo mmoja anayetaka kutuzika tungali tunapumua.

Ni mwanamke wa makamo. Watu humwita Mama Ubao, kwa sababu siku aliyoripoti kazini alifika na ubao wake mwenyewe, amejitwika kichwani. Darasa lake ni banda lililo nyuma ya soko, kati ya fundi baiskeli na kiwanda kidogo cha mbao, hivyo anafundisha irabu msumeno ukilia. Sina ugomvi naye binafsi. Namlalamikia kikazi tu, kama ifuatavyo:

1. Hahudhurii warsha. Mwaka huu tulifanya warsha ya wiki nzima hotelini, yenye mada "Namna Bora ya Kumfikia Mwanakisomo Pale Alipo". Ukumbi ulikuwa na kiyoyozi kikali mpaka Ofisa Tathmini akajifunika kitambaa cha meza. Mwalimu hakutokea. Wakati wa chai nilimpigia simu.

"Mwalimu, mbona hatukuoni?"

"Niko na wanakisomo, bwana Mratibu."

"Lakini sisi hapa tunajadili namna ya kuwafikia!"

"Basi mkimaliza kujadili njooni. Nafasi ipo, tutasogeana kwenye mkeka."

Mjomba, niliweka simu chini nikashindwa hata kumalizia chai. Mkeka! Mimi na suti hii!

2. Hafuati mpango kazi. Mpango kazi, ambao wewe mwenyewe uliutia sahihi bila kuusoma kwa jinsi unavyotuamini, unasema wazi kwamba robo ya kwanza ni uhamasishaji, robo ya pili ni uhamasishaji wa kina, robo ya tatu ni tathmini ya uhamasishaji. Kusoma kumepangwa robo ya nne, "iwapo muda utaruhusu". Yeye alianza na herufi a siku ya kwanza, asubuhi. Nilipomwita ofisini ajieleze, alinitazama kwa mshangao usio na adabu akasema, "Walikuja kujifunza kusoma. Ningewafanyia kitu gani kingine?" Nilimwambia jibu limo kwenye kiambatisho, na kiambatisho hakijachapwa.

3. Wanakisomo wamejua kusoma. Hapa ndipo penye donda. Programu yetu ni ya watu wasiojua kusoma, Ndugu Mkurugenzi. Wao ndio mtaji wetu, ndio sababu ya gari, ndio sababu ya kiti hiki nilichokalia. Sasa wanaisha. Na wanaosoma wanasoma ovyo, bila uratibu wowote. Muuza samaki wa pale sokoni hafungi tena samaki mpaka amalize habari iliyomo kwenye gazeti la kufungia, wateja wanamsubiri wamejishika viuno, na wengine wanamwambia asome kwa sauti.

Mshona viatu ndiye aliyetufikisha pabaya zaidi. Alisoma kibao kilichopo mlangoni petu, kile kisemacho KARIBU, TUPO KWA AJILI YAKO, akaingia. Tangu kibao kile kitundikwe hakuna mtu aliyewahi kuyaamini maneno yake. Katibu muhtasi alidhani ni mwizi, akakumbatia kompyuta. Mshona viatu akavua kofia, akauliza kwa upole:

"Samahani wakubwa. Hapa mnafanya kazi gani?"

Mratibu Msaidizi akajitoa mhanga. "Tunaratibu," akasema.

"Mnaratibu nini?"

"Programu."

"Programu ya nini?"

"Ya kuwafundisha nyinyi."

Mshona viatu akazungusha macho chumba kizima, akatuhesabu kwa kidole, mmoja mmoja. "Mbona aliyetufundisha hayumo humu?"

Tulimpa kalenda, akaondoka. Kesho yake akarudi. Alikuwa ameisoma, na akagundua ni ya mwaka juzi.

4. Lalamiko la nne limeahirishwa hadi kikao kijacho cha waratibu, kwa kuwa Mratibu wa Vikao yuko kikaoni.

5. Amekataa kupanda cheo. Usidhani nimekurupuka kukuandikia, Mjomba. Nilijaribu kwanza kumaliza jambo hili kiutu uzima. Nilimwendea pale bandani, nikamwambia ofisi imeona juhudi zake na imeamua kumfanya Mratibu wa Darasa. Nikamweleza kuhusu meza, kuhusu kiti cha kuzunguka, kuhusu kadi yenye picha ya kuvaa shingoni. Sharti lilikuwa moja tu: asiingie tena darasani.

"Na darasani ataingia nani?" akauliza.

"Hilo litaratibiwa," nikamwambia.

Alicheka mpaka akaushika ubao asianguke. Kisha akapangusa macho kwa ncha ya kanga, akaniomba nimpishe, kwani nilikuwa nimesimama mbele ya sentensi. Mtu anayekataa kiti cha kuzunguka ni wa kuogopwa. Sote tumepanda hivyo hivyo, kwa kutoka darasani. Wazee wa hapa ofisini wanasema hata wewe uliwahi kuwa mwalimu, tena mzuri, ingawa hakuna ushahidi.

6. Ametuaibisha mbele ya wafadhili. Wageni walikuja kutaka kujionea kazi, na jambo la kwanza waliloomba ni kumpiga picha mtu mmoja asiyejua kusoma, iwe picha ya "kabla". Ombi dogo, la kawaida. Tukaingia bandani kumtafuta. Hakuwepo! Kila niliyemnong'oneza alinijibu, "Mimi? Mimi nasoma, bwana." Na wanasema kwa kujidai, wametanua vifua, kana kwamba hawaoni mwenzao nakaribia kuzama.

Mwishowe mlinzi wa soko alinionea huruma. Akakubali kutojua kusoma kwa muda mfupi, kunisitiri. Nilimkalisha mbele, nikampa kitabu juu chini, nikamwambia ainamishe kichwa. Alifanya vizuri mno. Kiongozi wa wageni, mama mmoja mwenye sauti laini, alishika kifua kwa huruma, na mpiga picha akapiga magoti.

Mara nikaona mabega ya mlinzi yanatikisika. Nikamkanyaga mguu. Hakusikia. Kumbe mtu yule anasoma hata kitabu kikiwa juu chini! Aliangua kicheko, akapiga paja, akasema, "Nisameheni wakubwa, lakini huyu bwana wa kwenye hadithi anamtafuta punda wake kijiji kizima, na amempanda!"

Banda zima likavunjika mbavu. Wageni nao wakacheka. Yule mama akauliza nani kamfundisha mlinzi, na vidole vyote vikamwelekea Mama Ubao, ambaye alikuwa pembeni anafuta ubao wake kana kwamba hayamhusu.

"Na ofisi inakusaidia vipi?" mgeni akamuuliza.

Nilikohoa kwa nguvu ili anielewe. Alinielewa. Niliona kabisa anahangaika kutafuta jambo jema la kusema juu yangu, alitafuta mpaka nikaanza kumwonea huruma yeye. Hatimaye akasema, "Mratibu huja kutupiga picha. Picha hutoka vizuri."

Bora angenitukana.

Kutokana na maneno hayo, wageni wameandika kwamba kuanzia mwakani fedha zitakwenda kwenye chaki, madawati na mwalimu wa pili. Waratibu tupunguzwe, abaki mmoja, na huyo mmoja, nanukuu, "awe na uwezo wa kufundisha". Mratibu Msaidizi alipoisikia sentensi hiyo aliketi chini pale alipokuwa, na palikuwa hapana kiti.

7. Anaua kizazi kijacho cha waratibu. Mfikirie binti yako, binamu yangu, aliyeko chuoni anasomea Uratibu na Usimamizi wa Programu za Elimu. Ameshajifunza kuandaa malengo, malengo mahususi na malengo mahususi zaidi. Akihitimu aratibu nini, ikiwa watu wote wanajua kusoma? Leo ni banda moja nyuma ya soko. Kesho mtu atazuka mahali pengine, atafundisha hesabu mpaka watu wajue kuhesabu, na siku watakapojua kuhesabu, Mjomba, watatuhesabu sisi. Sihitaji kukueleza uzito wa jambo hilo wewe mwenye ghorofa nzima.

Kwa heshima na unyenyekevu, naomba yafuatayo:

(a) Mwalimu aondolewe darasani mara moja na ahamishiwe mahali ambapo hakuna watu.

(b) Wanakisomo waandaliwe mafunzo rejea ya kusahau, yatakayoratibiwa na ofisi hii. Niko tayari kuandaa warsha ya maandalizi.

(c) Likishindikana hilo, basi tafsiri ya neno "kujua kusoma" ibadilishwe, ili mtu asihesabiwe amejua mpaka athibitishwe na waratibu wasiopungua watatu, wakiwa wamekaa kikao, na akidi imetimia.

Najua una mengi mezani. Lakini mimi ni mtoto wa dada yako, na nyumba yangu, ada za watoto na heshima yangu mtaani vyote vimening'inia kwenye neno hili moja la kuratibu.

Nisalimie mkaza mjomba, mwambie asiutoneshe mguu. Nisalimie binamu akirudi likizo, na dereva wako, na yule mama wa mapokezi anayejifanya hanijui. Huku nyumbani wote wanakusalimu, wakubwa kwa wadogo, na majirani pia wanakusalimu ingawa sijawauliza.

Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa linalosubiri kusoma,

Mpwa wako,
MRATIBU.

Nakala: Mratibu Msaidizi, Mratibu wa Vikao, mimi mwenyewe, kwa taarifa.

Baada ya kutia sahihi:

Mjomba, nilikwenda dukani kununua bahasha, nikaiacha barua hii mezani. Niliporudi nilisikia sauti sebuleni inakwamakwama, nikadhani betri za redio zimeisha. Alikuwa mama. Dada yako. Amekaa kwenye ukingo wa kochi, kidole juu ya mstari, anaisoma barua yangu kwa sauti. "Ku. Ra. Ti. Bu."

Unajua wewe kwamba mama maisha yake yote ameweka dole gumba. Kila alasiri huniaga kwamba anakwenda kumjulia hali rafiki yake mgonjwa, na mimi nimekuwa nikimsifu kwa moyo wake. Hakuna mgonjwa. Anakwenda bandani. Kila nilipofika kupiga picha alijifunika uso kwa daftari, nami nikazipenda picha hizo kwa namna zilivyoonyesha bidii. Moja ipo kwenye jalada la ripoti yetu ya mwaka. Ukiitazama vizuri utamtambua kwa mikono.

Alisoma mpaka mwisho, na hakuruka hata mabano. Nilisimama mlangoni nimeshika bahasha kama mtoto aliyetumwa akasahau alichotumwa. Kwenye punda alicheka. Kwenye kipengele (a) aliacha kucheka. Kisha akaniuliza, bila hasira yoyote, "Mwanangu, kuratibu ni kufanya nini hasa?"

"Huyu unayetaka apelekwe pasipo na watu," akasema, "ndiye aliyenionyesha jina lako linavyoandikwa. Aliniuliza nataka kuanza na jina gani, langu au la nani. Nikamwambia tuanze na la mwanangu."

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, vipengele (a) hadi (c) vichukuliwe kuwa havikuandikwa, pamoja na lalamiko la kwanza hadi la saba, likiwemo lile la nne. Mwalimu asiguswe. Kesho nakwenda kumwomba anifundishe namna ya kufundisha, na nikifika nitakaa kwenye mkeka.

Nilitaka kuichana barua hii, mama amenikatalia. Anasema ndiyo ya kwanza aliyoimaliza mwenyewe, na lazima ifike. Ameniagiza pia nikwambie kwamba jibu umwandikie yeye, si mimi, kwa herufi kubwa kubwa, na usihangaike kumtuma mtu aje kumsomea.