Udongo Mnafiki wa Mlima wa Zalia

Jumanne, 2 Februari 1982

Leo Elamine kaja na miche. Miche hamsini ya mlangilangi, ule mti wa maua ya marashi, kaipanga uwanjani mwetu kama mtu anayehamia. Mimi hakuniuliza. Kamwuliza dada yake, mke wangu Zalia, aipande lini kule mlimani.

Mlimani kwangu!

Haya, mlima ni wa Zalia. Kaurithi kwa mama yake. Sisi Wakomoro ndivyo tulivyo: nyumba ya mke, shamba la mke, paka wa mke. Mume huja na mkeka wake na koti la Ijumaa, basi. Tangu tuhame Mahajanga miaka mitano iliyopita, kile kipande cha mlima ndicho mahali pekee hapa kisiwani Nosy Be ninapotema mate bila kuomba ruhusa.

Elamine asema nimeushindwa. Asema muhogo wangu wa mwaka wa kwanza ulikuwa mnene kama paja, wa mwaka wa pili kama kidole, na mwaka huu hakuna hata wa kumchokolea panya meno. Uongo mtupu. Ulikuwepo mmoja.

Akaongeza kwamba nikitaka kazi, nitalinda magunia ya maua wanawake wakichuma. Mimi! Mchangama wa mtaa wa Tsaramandroso, Mahajanga, nilinde maua!

Nikajibu kabla ya kufikiri, ndiyo tabia yangu nzuri. Nikasema muhogo nimeuacha kwa makusudi, kwani naingia kwenye bata. Nitachimba bwawa juu kule. Mlima mzima ni udongo wa mfinyanzi, na mfinyanzi ni chungu ambacho bado hakijachomwa tu. Kwetu Mahajanga ng'ombe akikanyaga, maji hukaa kwenye alama ya kwato siku tatu.

Zalia kanitazama kama anavyotazama samaki wa jana. Kisha kasema, "Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya sala, nakwea mwenyewe. Nikikuta maji na bata wanaogelea, mlima utunze wewe mpaka ufe. Nisipokuta, Elamine anapanda."

Shahidi wetu alikuwa paka.

(Naandika kwa Kiswahili cha marehemu baba. Zalia husoma Kifaransa na Kimalagasi. Hapa hawezi kunifuata.)

Jumatano, 3 Februari

Nimechimba. Ajabu! Udongo mwekundu kama kutu, na laini, sepetu inazama kama kwenye wali. Juu kabisa kuna tabaka jeusi la shibiri moja, majani yaliyooza. Chini yake, wekundu hadi kuzimu. Kufikia adhuhuri nina shimo la kiuno. Huko Mahajanga kwa kazi hiyo ningevunja mpini mara mbili. Elamine alipita chini, kwenye kisima chake, akanipungia mkono. Nikajifanya nakohoa.

Mchana nikaenda Dzamandzar kwa Hamidou, anayefanya kazi kiwanda cha sukari. Kanipa bata sita. Mimi nikampa koti la Ijumaa. Biashara nzuri: koti halitagi.

Alasiri mvua kubwa. Bwawa limejaa hadi mdomoni! Bata wameogelea! Nikapiga kelele ili Elamine asikie. Kasikia.

Alhamisi, 4 Februari

Asubuhi shimo kavu. Hata tope hakuna. Bata sita wamesimama chini ya shimo wakinitazama kama wadai.

Maji yameibwa. Na mwizi namjua. Kisima chake kiko chini ya mlima huu huu, na tangu Desemba alikuwa akilalamika maji yamepungua. Nimemwendea. Nimemwambia maji ya mtu hayachotwi bila salamu. Elamine kauliza nani mwenye akili angepanda mlima ule na ndoo akateka maji ya bata. Nikasema sikutaja akili, nimetaja wizi.

Ijumaa, 5 Februari

Msikitini bila koti. Elamine kaniuliza mbele ya watu kama bata wangu wanasikia baridi.

Mvua imenyesha baada ya sala. Safari hii nimekaa mwenyewe ukingoni, jani la mgomba kichwani, kijiti chenye alama nimekisimika majini. Nimekaa hadi magharibi. Hakuja mtu. Maji yameshuka kiganja, kisha viganja viwili, kisha kijiti kikaanguka. Hakuna aliyechota! Udongo wenyewe unakunywa!

Nimeokota donge nikalibana. Linashikana, mfinyanzi halali. Nikalisugua. Likavunjika vipunje vipunje kama chenga za biskuti.

Ule si udongo. Ni mnafiki. Mbele ya watu mfinyanzi, akibaki peke yake mchanga.

Jumamosi, 6 Februari

Dawa ya mnafiki ni kukanyagwa. Kwetu mashamba ya mpunga huvurugwa na ng'ombe mpaka tope linakuwa zito na maji hayapiti. Nimeazima ng'ombe wawili wa nundu, nikawakweza mlimani mvua inaanza, nikawazungusha shimoni huku nikiimba.

Mzunguko wa nne, tope la juu likageuka sabuni. Ng'ombe wa kwanza kateleza. Wa pili kamfuata kwa heshima. Mimi nilikuwa nimeshika mkia.

Nimeshuka mlima mzima kwa makalio. Nimefikia uwanja wa Elamine, mbele ya mkewe Bahia, aliyekuwa akipepeta mchele. Hakushtuka. Kauliza tu, "Shemeji, chai utakunywa hapo hapo ulipo?"

Ng'ombe wazima. Kanzu marehemu; wekundu wake hautoki hata kwa majivu. Jioni shimo lilikuwa kavu.

Jumatatu, 8 Februari

Zalia kamwita Hassane, bwana shamba. Mtu wa kitambi, ndevu zake zimeanza mvi, lakini mimi aniita bakoko, yaani babu. Katia chuma chake ardhini, kanusa, kasugua, kaonja kidogo. Mtu mzima anakula ardhi na serikali inamlipa.

Kasema, "Bakoko, huu ni mfinyanzi kweli. Lakini mvua ya huku imeufua miaka na miaka, chakula chake chote kimekwenda na maji. Kilichobaki ni kutu. Kutu hiyo imeugandisha vipunje, na kati ya vipunje maji hupita kama mchangani."

Nikamwambia wa Mahajanga haufanyi hivyo. Kasema ule ni wa bondeni, umeletwa na mto, kabila lingine kabisa. Muhogo wangu wa kwanza, kasema, ulikula yale majani meusi ya juu, nao ukayamaliza. Miti ya mizizi mirefu, ikiwekewa samadi, itaupenda mlima huu. Kwa bwawa, nichote udongo wa kijivu wa bondeni niukandike shimoni, utazuia.

Na bonde la kijivu ni la nani? La Elamine! Nimwombe Elamine udongo! Nimemshukuru Hassane, nikamsindikiza njia ndefu yenye utelezi.

Jumatano, 10 Februari

Bata wamehama. Wote sita. Nimewakuta chini kwa Elamine, kwenye dimbwi jipya pembeni ya kisima chake, wananenepa. Kisima kimejaa hadi kinamwagika, dimbwi limejitokeza lenyewe wiki hii, asema Elamine, hajui kwa nini, alhamdulillahi. Nimewafukuza bata kupanda mlima, mmoja mmoja, kwa fimbo na aya.

Siku mbili zimebaki. Lakini Mchangama hajafa.

Zalia ana kitambaa cha plastiki cha meza, kile cha wageni, chenye michoro ya zabibu. Maji hayapiti: nimemwona akikifuta mchuzi miaka ishirini. Kimo sandukuni. Hawezi kukihitaji kabla ya Idi.

Alhamisi, 11 Februari

Nimetandika. Kitambaa ni cha meza ya watu wanane, kwa hiyo bwawa nimelipunguza. Limekuwa kama beseni la kuogea mtoto. Juu nimepaka tope jekundu, huoni kitu. Mvua imeshuka, maji yamekaa. Yamekaa! Bata wamebanana kama abiria wa kivuko cha Katsepy kule Mahajanga, lakini Zalia alisema waogelee, hakusema waende mbali.

Ijumaa, 12 Februari

Wamekwea baada ya sala. Zalia, Elamine, na Hassane aliyesema anapita tu.

Maji yapo. Bata wapo. Hassane kainama, uso umembadilika, kaniuliza kama nimeleta udongo wa bondeni. Nikasema siri ya Tsaramandroso haitolewi. Elamine kanyamaza! Nimeona kunyamaza kwake kwa macho yangu, na hata kama mengine yote yatafutwa, hilo liandikwe.

Kisha bata mmoja, yule jike mwenye madoa, kachovya mdomo chini, kavuta. Likatoka shada la zabibu.

Zalia kalitambua upesi. Mimi nikasema ni mmea wa majini.

Kashuka shimoni mwenyewe na viatu vyake, kashika pembe mbili za kitambaa, kakung'uta. Maji yote yakamwagika pembeni, na mlima ukayanywa tukitazama, srrr, mpaka tone la mwisho. Elamine hapo hapo kaeleza kwamba kisima chake kimefurika kila siku tangu mimi nichimbe, na Hassane akaonyesha kwa kidole jinsi maji yanavyopita ndani ya mlima hadi chini kwenye kisima.

"Maji yako yote tumeyanywa, Baba Rabiata," kasema Zalia. "Matamu."

Elamine kapanda mche wa kwanza ndani ya shimo langu. Kasema hajawahi kuona shimo lililochimbwa vizuri hivyo. Tusi la mwisho!

Jumapili, 14 Februari

Zalia kanihurumia. Kanipa pembe ya juu kabisa ya mlima, hatua kumi kwa kumi, nifanye nitakalo, bila plastiki. Juu ya miche ya Elamine. Juu ya kila mtu.

Nimelala nikiwaza, nimeamka na jibu. Hassane kwa elimu yake yote hakuliona. Udongo usiozuia maji una kazi moja hapa duniani, na kazi hiyo ni choo. Choo kisichojaa! Mitaa yote ya chini vyoo hufurika masika, watu wanashika pua. Changu kitakunywa milele. Kinapeleka wapi? Si kazi yangu kuuliza, ni kazi ya udongo. Nimewaalika jirani wote, na wafanyakazi wa Dzamandzar wakipita. Bata watarudi kwa Hamidou, anirudishie koti. Siwezi kufungua choo bila koti.

Shimo limefika kifuani. Sepetu inazama kama kwenye wali.

Zalia amefurahi siku hizi, hagombi. Asema tangu kisima cha Elamine kijae, maji yake ni matamu kuliko yote Nosy Be, na nyumba hii haitachota kwingine tena. Vizuri. Kesho asubuhi nafungua.