Giaboksi, Suti na Chai ya Bure

Jumatatu, 2 Juni

Giaboksi imekata roho! Tena getini kwangu, majirani wote wakitazama. Gari limevutwa mpaka gereji ya hao hao waliotuuzia. Meneja akaangalia tarehe, akatikisa kichwa. Waranti imeisha wiki iliyopita, gharama zote juu yangu. Akataja bei. Nikakaa chini bila kukaribishwa.

Jioni mke wangu akanikumbusha kwamba mama yake anakuja Jumamosi, na kwamba nilijitapa nitampokea stendi kwa gari langu. Shemeji, kaka yake, akasema kwa upole kuwa pikapu yake ipo. Upole wa kinafiki! Pikapu yenyewe mlango umefungwa kwa kamba. Nimeapa: Jumamosi naendesha langu, na sitoi hata senti.

Jumanne, 3 Juni

Mpango wa kwanza: shahidi. Nimempeleka jirani aseme kwamba mlio wa giaboksi ulianza zamani, waranti ikiwa hai. Njia nzima nimemfundisha, na soda nikamnunulia. Meneja akamuuliza ameanza kuusikia lini. Jirani, kwa moyo mweupe kabisa, akajibu kuwa ni tangu siku ile nilipovuta lori la mchanga lililokwama. Akalisifu na gari kwa nguvu zake!

Soda yangu imepotea bure.

Jumatano, 4 Juni

Mpango wa pili: kuwaaibisha. Nimevaa suti yangu ya harusi, nikakaa kwenye kochi la wateja tangu asubuhi, nimekunja nne. Sitoki mpaka walegee. Kiyoyozi safi. Chai ya bure. Biskuti!

Mchana mama mmoja akanidhania bosi, akanilalamikia bili yake ya breki. Ningemwambia ukweli, lakini suti ina mambo yake. Nikamweleza kwa huruma kwamba waranti ikiisha imeisha, tarehe ni tarehe. Akashukuru, akaenda kulipa! Baadaye nimewatuliza wengine. Kumbe nina kipaji, na nyumbani hakuna anayejua.

Alhamisi, 5 Juni

Uchokozi! Nimekuta mtu amekalia nafasi yangu. Amevaa kofia ya pama, na yeye gari lake lina shida ya giaboksi, na yeye waranti imeisha. Anakula biskuti mbili mbili. Nikamtaka asogee. Akaniuliza mimi ni nani hapa. Nikavimba.

Dada wa mapokezi akatoka kidogo, simu ikalia. Nikapokea. Mtu mzito, kutoka kampuni inayotengeneza magari haya. Akasema Meneja amemwombea mteja wa giaboksi asaidiwe nusu ya gharama, kwa hisani tu. Je, ni mtu wa kusaidiwa?

Kofia! Nikakohoa kikubwa. Nikasema asaidiwe wapi, huyo ni msumbufu, anashinda kwenye kochi letu akinywa chai ya bure. Akanishukuru kwa kusema kweli. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Ijumaa, 6 Juni

Meneja ameniita ofisini, uso umemshuka. Kumbe mtu aliyeombewa ni mimi! Alinionea huruma, na kampuni ilikuwa karibu kukubali. Lakini kuna mtu humu gerejini amewaambia kwa simu kwamba mimi ni msumbufu, nashinda nikinywa chai. Nikapaliwa. Na chai hiyo hiyo!

Kofia hakuomba chochote. Amelipa zake jana, akaondoka.

Niungame? Ng'o! Nimegonga meza. Nikasema mfanyakazi mwenye roho mbaya kiasi hicho atafutwe na afukuzwe kazi leo leo. Meneja ameahidi kumsaka. Pesa nimelipa zote, nimekopa kwa Shemeji. Amenipa kwa upole. Kifaa chenyewe kitafika wiki ijayo.

Jumamosi, 7 Juni

Mama mkwe ameketi mbele, kati ya wanawe. Mimi nyuma, na masanduku, nimekumbatia ndoo. Njia nzima nimemsikia akimsifu Shemeji kwa kujua kutunza gari. Lenye kamba!

Jumapili, 8 Juni

Friji imeanza kunguruma, na maziwa yamechacha. Waranti iliisha mwezi uliopita. Mke wangu anasema tumwite fundi, tulipe, yaishe. Tulipe! Ndiyo maana watu hawaendelei.

Nasikia duka lililotuuzia friji lina kochi la ngozi, na wanatoa kahawa. Suti nimeshaipiga pasi.