Mzuka wa Kijia cha Pinnock

Jumatatu, 6 Novemba
Balaa! Bi Yelland, mwandishi, anaandika kitabu cha mizuka ya vijia vya mkoa wetu wa Devon, Uingereza. Kila kijiji mzuka mmoja tu. Anakuja Ijumaa. Enid Hockaday, jirani yangu wa ng'ambo ya kanisa, keshatangaza dukani kwamba nafasi ni ya Mbwa Mweusi wa kijia chake. Miaka thelathini ananiringishia mbwa asiyebweka! Kijia changu, Pinnock, hakina hata paka. Nife bila kuandikwa popote? Thubutu! Nikabuni papo hapo, nikiwa posta: dereva wa gari la farasi, hana kichwa, kafa mwaka 1740. Foleni nzima ilisisimka.

Jumanne, 7 Novemba
Nimeaibika. Kwenye mkutano wa kijiji Enid aliuliza, sauti imejaa sukari, huyo dereva alipitaje kijia kilichochongwa mwaka 1958 kwa ajili ya lori la maziwa. Watu walicheka mpaka wakamwaga chai. Gribble, mfuga ng'ombe, akasema labda marehemu alikuwa anapeleka maziwa. Maud, mke wangu, akasema asiye na kichwa ni mimi. Mke wangu!

Jumatano, 8 Novemba
Nimepata! Mzuka hausimuliwi, huonwa. Enid hupita Pinnock kila asubuhi saa mbili na kapu la mayai. Redio imetabiri ukungu kesho. Nimechukua gauni la kulalia la Maud, jeupe, lenye lesi. Halifungi tumboni. Nitabana pumzi.

Alhamisi, 9 Novemba
Ushindi! Nilijitokeza kwenye ukungu, taratibu, mikono juu. Ng'ombe wa Gribble wakadhani naleta chakula. Kumi na wanne! Wakasukuma lango, wakanifuata. Nikatimua mbio. Lesi ikanasa kwenye miiba, nikatumbukia mtaroni, nikapiga mayowe ya kweli kabisa. Enid akatupa kapu, akakimbia. Sijawahi kumwona akikimbia! Nililia kwa furaha. Kiuno nacho kilichangia.

Ijumaa, 10 Novemba
Bi Yelland kaja, kala skonzi nne. Enid, kwa kinywa chake mwenyewe, kaapa mbele ya kasisi kwamba kamwona mwanamke mnene, hana shingo, analia, anaswaga ng'ombe wa kuzimu. Mbwa Mweusi kafutwa! Pinnock kimeandikwa! Enid akaomba kasisi amsindikize hadi nyumbani. Nilimhurumia, dakika moja hivi.

Jumamosi, 11 Novemba
Maud kakuta vipande vya gauni lake bandani. Kanifokea saa nzima. Kasema mtu mzima mwenye wajukuu, aibu gani hii, na je, kama ningevunjika shingo? Nikajuta kabisa. Nimeapa, mkono juu ya Biblia, sitagusa tena nguo yake yoyote.

Lakini Bi Yelland anarudi Jumatatu na mpiga picha. Gauni la harusi la marehemu mama yake Maud si nguo ya Maud. Nimelijaribu. Linabana kwapani tu.