Bomba la Tabibu Noordin

Jumamosi, 8 Machi 1997. Kambi ya wakimbizi ya Dagahaley.
Aibu! Nimetangaza siku ya mgao wa unga katika bloku yetu na nimesimama mara nne njiani. Kifua kilipiga filimbi. Kulow, jirani yangu, refa wa zamani wa Baidoa, alinifuata nyuma akinimalizia sentensi. Nikisema mgao ni, yeye anapaza: Jumanne! Wanawake walicheka. Mimi, niliyefundisha jiografia Kismayo miaka kumi na tisa na kutaja mito ya Afrika kwa pumzi mbili!

Saynab, mwenyekiti wa bloku, alisema kwa upole kwamba adeer, yaani ami, asione vibaya, lakini kazi ya kutangaza inataka kifua. Nilete karatasi ya kliniki. Nisipoileta, kazi ni ya Kulow.

Jumatatu, 10 Machi.
Kliniki. Tabibu Noordin, mtu wa Garissa, ananiita adeer kama mtoto wa ndugu yangu. Ana bomba fupi lenye mshale na namba. Unajaza pumzi, unafumba midomo juu yake, unapuliza kwa nguvu. Mara tatu, anaandika namba iliyo kubwa. Yangu: 190. Kwa umri na urefu wangu alitarajia kama 500.

Akanivutisha dawa ya pampu. Tukangoja robo saa. Nikapuliza tena: 280. Akafurahi! Njia za hewa zinazofunguka kwa dawa, akasema, ni dalili ya pumu, na pumu ina dawa. Nilimsihi asiandike kitu bado. Akakubali: nirudi Alhamisi apime tena, ndipo aandike.

Wakati natoka, mzee aliyenifuata alikohoa ndani ya bomba. Mshale ukaruka hadi 450. Noordin hakuihesabu, akisema kikohozi si pumzi. Mimi nimeihesabu.

Jumatano, 12 Machi.
Mazoezi. Nimekunja jalada la daftari likawa bomba. Siri si kupuliza. Ni kutema, kama mtu atemaye kokwa ya tende. Raho, mke wangu, aliuliza ninamtemea nani, maana chai yake iko mbele yangu. Nikasema ni sayansi. Akasema basi sayansi hiyo ihamie nje.

Alhamisi, 13 Machi.
520! Niliomba karatasi yangu papo hapo.

Noordin akapangusa mdomo wa bomba taratibu. Akauliza: adeer, umepuliza au umetema? Nikasema nimepuliza. Akauliza kama nina hakika. Nikasema mwalimu hasemi uongo. Basi akachukua kalamu. Kifua kizima, akaeleza, hakipandi kutoka 190 hadi 520 kwa siku tatu. Kupanda na kushuka namna hiyo ndiyo pumu yenyewe. Sasa hana shaka hata kidogo.

Nikafungua mdomo nikiri mate. Nikaufunga.

Karatasi inasema: ana pumu; akitumia dawa kila siku, kazi anaiweza. Kanipa pampu mbili, bomba la kuazima, na fomu ya kujaza namba asubuhi na jioni hadi tarehe 28.

Ijumaa, 14 Machi.
Saynab kasoma karatasi mara mbili. Kazi ni yangu mpaka fomu irudi. Fomu ikiwa nzuri, hatalizungumza tena. Kulow akasema atasubiri, yeye pumzi za kusubiri anazo.

Jumamosi, 15 Machi.
Nimevuta dawa nyuma ya choo, asinione mtu. Kisha nimetangaza bloku nzima bila kusimama! Mwishoni nikaongeza mito, ingawa hakuna aliyeniomba: Juba, Shabelle, Tana. Niliisikia sauti yangu ya darasani. Miaka sita sikuwa nimeisikia.

Jumapili, 16 Machi.
Kifua kimepona. Pampu nimezifungia sandukuni. Hakuna atakayesema sauti yangu ni sauti ya dawa.

Kosa langu la Alhamisi nimelielewa. Kilichonisaliti si mate, ni tofauti ya namba. Kwa hiyo leo nimeijaza fomu yote kwa mkupuo: 500 asubuhi, 500 jioni, mpaka tarehe 28. Mwandiko safi. Noordin hatapata tofauti hata moja.

Nimelazimika kupumzika mara tatu kabla ya kufika mstari wa mwisho. Vumbi tu.